Mandazi Baridi Hana PIN

Barua pepe ilianza hivi: "Habari ya asubuhi, Mandazi." Niliisoma mara tatu nikiwa kwenye foleni ya matatu pale Odeon, mvua ikinyesha, na kila nikifika kwenye hilo neno la nne nilicheka peke yangu, hadi mama aliyekuwa mbele yangu akahamishia mkoba wake upande wa pili.

Aliyeandika alikuwa mhariri wa kampuni moja ya vitabu hapa Nairobi. Alitaka nimchoree kitabu cha watoto, cha Kiswahili, kurasa 32, kuhusu msichana anayeamka kabla ya jua kumsaidia nyanyake kuuza uji. Pesa ilikuwa poa. Si ya kununua ploti Kamulu, lakini ya kulipa kodi miezi kadhaa bila kumkwepa mwenye nyumba kwenye ngazi. Moyoni nilikuwa nishasema ndiyo kabla ya kufika aya ya mwisho, ambako kulikuwa na swali moja dogo: kwenye jalada tuandike jina gani?

Nilidhani ningejibu kabla matatu haijajaa. Nilijibu baada ya wiki saba.

Jina la Mandazi Baridi lilizaliwa hosteli, mwaka wa 2015. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na bajeti yangu ya chakula ilikuwa mandazi mawili jioni na mawili asubuhi. Yale ya asubuhi yalikuwa ni yale yale ya jioni, yamelala kwenye karatasi juu ya kabati. Kama umewahi kula mandazi iliyolala unajua: nje inakuwa ngumu kidogo, inang'ang'ania meno, lakini ukiichovya kwenye chai ya moto inafufuka kama Lazaro. (Ndiyo, wasanifu, najua umoja ni andazi. Sisi tulisema mandazi moja, na mimi ni mmoja na bado najiita Mandazi. Tuendelee.) Rafiki niliyeishi naye chumba kimoja aliniangalia asubuhi moja akasema, "Wewe na hayo mandazi yako baridi, mtaoana." Jioni hiyo nilikuwa nafungua akaunti ya kuweka michoro yangu, na majina yote ya maana yalikuwa yameshachukuliwa. Nikaandika Mandazi Baridi. Nikachora mandazi ya pembe tatu yenye macho mawili ya usingizi, nikaiweka kama picha. Dakika kumi, kazi ikaisha. Hakuna mtu huniamini nikisema sikufikiria zaidi ya hapo.

Kwa miaka miwili nilikuwa na wafuasi wa kuhesabika, wengi wao watu wa darasani. Kisha ikaja 2017. Mnakumbuka ule mwaka. Tulipiga kura tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, na tukaambiwa turudie tarehe 26 Oktoba. Katikati hapo kila mtu alikuwa na hasira na kila mtu. Usiku mmoja nilichora wanawake wawili kwenye kibanda kimoja, wamekalia benchi moja, sufuria moja ya mafuta katikati yao. Kila mmoja amevaa kofia ya upande wake, wamepeana mgongo, midomo wazi, wanabishana na hewa. Ndani ya sufuria mandazi yanaungua. Hakukuwa na maneno. Niliiweka, nikalala.

Asubuhi simu ilikuwa ya moto kama pasi. Katuni ilikuwa imesambazwa na watu wa kila aina, na kitu cha ajabu ni kwamba pande zote mbili ziliipenda. Kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba nilikuwa namcheka yule mwingine. Watu waliokuwa wanatukanana jana walikuwa wanachekea picha moja, na hakuna aliyeuliza aliyechora ni wa wapi, kwa sababu aliyechora alikuwa kitafunio.

Kenya jina la pili ni ramani. Ukishalitaja, mtu ashajua kwenu ni mlima gani au ziwa gani, ulimpigia nani kura, na utani gani akutanie ili aonekane mchangamfu. Hajakuuliza chochote na tayari amekujibia. Lakini Mandazi haina kwao. Mandazi iko Lodwar na iko Lamu. Niliishi ndani ya hilo jina kama mtu aliyepanga nyumba isiyo na majirani, na kusema ukweli, nilikuwa na raha.

Halafu nikaanza kuuza vitu.

Julai 2022, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mwingine, nilichapisha stika na picha za kutundika ukutani, ile ya kibanda ikiwemo. Sikuwa na till. Niliweka namba yangu ya simu ya kawaida, ile ile ambayo mama hunipigia. Na wewe unajua M-Pesa inavyofanya kazi: kabla pesa haijatoka, jina la unayemtumia linatokea ili uhakikishe. Ni kitu kizuri sana. Kimeokoa watu wengi wasitume karo ya mtoto kwa msee wasiyemjua. Siku ya kwanza niliuza stika 41, nikajinunulia kuku robo na soda, nikajiona mfanyabiashara.

Siku ya pili mtu mmoja, ambaye alikuwa amenunua stika mbili, alipiga picha ya skrini yake akaiweka mtandaoni. Jina langu lote, majina matatu, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Juu yake aliandika maneno mawili: "Sasa naelewa."

Naitwa Faith Adhiambo. La tatu ni la baba na sitaliandika hapa kwa sababu si langu peke yangu. Linaanza na O. Inatosha.

Yule jamaa alielewa nini? Hilo ndilo lililonikalia kooni. Sikuwa nimebadilika usiku mmoja, na michoro ilikuwa ile ile. Lakini kufikia saa sita mchana watu walikuwa wamerudi hadi 2017, wanaichunguza ile katuni ya kibanda kama wapelelezi. Mmoja akagundua kwamba mwanamke wa kushoto ana sinia kubwa kuliko wa kulia. Mwingine akasema wa kulia amechorwa pua mbaya makusudi. Kuna aliyepima kofia. Nilichora ile kitu saa nane usiku kwa kalamu iliyokuwa inaisha wino, lakini sasa kila mstari ulikuwa na kabila.

Matusi niliyazoea kufikia jioni. Yaliyoniumiza zaidi yalitoka upande wa pili. "Kumbe ni wetu!" "Nyarwa, piga kazi!" Watu ambao hawakuwahi kunifuata walinipokea kama binti aliyerudi nyumbani, na walikuwa wakarimu kweli, walinunua stika nyingi. Wakaanza pia kuniletea oda: mchore fulani akiwa fisi, mchore fulani akiwa kupe. Nilipokataa, mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Sasa wewe uko upande gani?" Na kwenye kikundi cha WhatsApp cha binamu zangu wa upande wa mama, ambao nyanya yao ni shosho yangu, ambao nimekula nao Krismasi zote za utoto wangu, hakuna aliyesema neno. Kawaida huwa wananitumia emoji za mandazi. Hiyo wiki walitumiana picha za ng'ombe aliyezaa.

Ndiyo, mama ni Mkikuyu. Hilo halikutokea kwenye skrini ya M-Pesa. Jina la Kenya hubeba mzazi mmoja tu, huyo mwingine anatembea kwa miguu.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, Nakuru, Kaptembwo, Januari 2008. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakuru ilikuwa imejikaza kuliko miji mingine tangu matokeo yatangazwe tarehe 30 Desemba, na watu wazima walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kwamba labda hapa haitafika. Ilifika wiki ya mwisho ya Januari. Ripoti ya Tume ya Waki baadaye ilitaja watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Sisi wakati huo hatukuwa na hesabu, tulikuwa na moshi. Baba, ambaye alikuwa fundi wa magari na mtu wa kupigwa makofi mgongoni na kila dereva wa mji ule, aliondoka usiku ndani ya lori kwenda Kisumu. Kabla hajapanda alituchuchumalia mimi na ndugu yangu mdogo akasema, "Mtu akiwauliza jina, semeni la kanisa tu. Mmesikia? La kanisa tu." Akaniangalia mimi. "Umesikia, Mama?"

Baba huniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. Hapo kuna kichekesho ambacho Wajaluo wanaosoma hii washakiona: Adhiambo ni msichana aliyezaliwa jioni, na mimi nilizaliwa saa mbili asubuhi. Kwa haki ningekuwa Akinyi. Lakini Dani alikuwa Adhiambo, na baba alitaka mamake, si saa.

Siku mbili baadaye mama alitutoa Kaptembwo kutupeleka kwa mwenzake wa kazini, Section 58. Njiani kulikuwa na mawe na vijana. Walimtaka mama kitambulisho, akatoa, wakakisoma, wakaridhika. Halafu mmoja akainama. Hakuwa mkali. Alikuwa na pengo la jino la mbele, na alikuwa na harufu ya mafuta ya taa.

"Wewe unaitwa nani?"

"Faith."

"Faith nani?"

Nilikuwa nimeambiwa la kanisa tu. Hakuna aliyeniambia nifanye nini wakiuliza la pili. Nikahisi mkono wa mama unabana wangu, na juu ya kichwa changu nikasikia sauti yake, ya kawaida kabisa, ya kununua nyanya sokoni: "Wambui. Ni Faith Wambui."

Kijana akaniangalia mimi, si yeye. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kwa hivyo watu wakiniuliza jina langu la kwanza la bandia lilikuwa lipi, sisemi Mandazi Baridi. Na hata la bandia si neno sahihi. Wambui ni shosho. Kwa desturi ya upande wa mama, kama ningekuwa na dada wa baba na mama yangu, angeitwa hivyo. Mama hakudanganya sana. Aliniazima jina la mtoto ambaye hakumpata.

Tulipokutana na baba tena ilikuwa Aprili. Hatukuzungumzia.

Sasa unaelewa kwa nini swali la jalada lilichukua wiki saba. Lakini nisikudanganye kwamba nilikaa wiki saba nikilia dirishani. Wakati mwingi nilikuwa napiga hesabu. Mandazi Baridi ndiye mwenye wafuasi, ndiye mwenye kazi za miaka kumi, ndiye ambaye mhariri alimtafuta. Ukiandika Faith Adhiambo kwenye jalada, hakuna anayemjua. Ukitafuta mtandaoni utapata Faith Adhiambo wengi, mmoja muuguzi, mmoja mkimbiaji, mmoja anauza wigi. Kwa upande mwingine, jina la Mandazi lina kero zake. Niliwahi kualikwa mkutano ofisi fulani Westlands. Mlinzi wa getini akaangalia orodha, akaona Mandazi Baridi, saa nne, akaniangalia mimi na mkoba wangu mkubwa wa michoro, akasema, "Mandazi zinaingilia mlango wa nyuma, jikoni." Nilizunguka. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Na kitabu chenyewe, mhariri aliniambia, wangependa kukipeleka KICD kikaguliwe ili kitumike shuleni, na ingawa yeye binafsi alilipenda jina langu, kuna mtu ofisini kwao aliyekuwa anaona ni mzaha.

Halafu kuna pesa. Mandazi Baridi hana PIN ya KRA. Hana kitambulisho. Mkataba unasainiwa na mtu anayeweza kushtakiwa, na asilimia 5 ya kodi ya zuio inakatwa kwa jina la binadamu. Hivi vitu mtu ambaye ameanza kuuza kazi yake leo anafaa kuambiwa mapema: jina la utani unaweza kulisajili kama jina la biashara kupitia eCitizen, ukachukua till inayoonyesha hilo jina badala ya lako. Mimi nilifanya hivyo Agosti 2022, wiki tatu baada ya mvua kuninyeshea. Mwavuli ninao sasa.

Rafiki yangu mmoja aliyesoma sheria alinipa jambo lingine ambalo lilinikosesha usingizi. Kwa sheria yetu ya hakimiliki, mchoro wenye jina la mtu anayejulikana unalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mchoro wa jina la kubuni unahesabiwa miaka 50 tangu ulipochapishwa, isipokuwa mwenyewe ajulikane. Alinieleza kama mtu anayesoma menyu. Mimi nikabaki hapo. Yaani ukitoa jina lako, sheria inangoja ufe ndipo ianze kuhesabu. Ukijificha, inakuanzia leo.

Nilitafuta wenzangu. Wachoraji wa hapa wamekuwa na majina ya pembeni tangu zamani: Maddo ni Paul Kelemba, Gado ni Godfrey Mwampembwa. Gado ni wa Tanzania na nadhani hata angeweka Mwampembwa pale chini ya katuni Wakenya tungeshindwa kumpangia upande, bahati yake. Baba alipenda kunihadithia Juha Kalulu wa Taifa Leo, ambaye alichorwa na Edward Gitau miaka na miaka. Mhusika akawa maarufu kuliko aliyemchora, na sidhani kuna mtu aliyewahi kumkasirikia Juha kwa sababu ya Gitau. Kwenye muziki sisemi. Tuna msanii anayeitwa Nameless, na nchi nzima inajua ni David Mathenge, na maisha yanaendelea.

Lakini nilijikuta nafikiria zaidi watu wawili wasiohusiana na katuni. Siti binti Saad, wa taarab, alizaliwa Unguja akapewa jina Mtumwa. Hilo ndilo lililokuwa jina lake halisi, kama tunataka kuwa wakali na neno halisi. Siti alilipata ukubwani, kwa kazi yake, na ndilo aliloingia nalo kwenye santuri mwaka wa 1928. Na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o: riwaya yake ya kwanza, mwaka wa 1964, ilitoka na jina James Ngugi kwenye jalada. James alimvua baadaye. Mmoja alikimbia jina la nyumbani, mwingine alilirudia, na wote wawili walikuwa sahihi, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Nikampigia baba.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasema Adhiambo, na nilikuwa nimepanga jinsi ya kumweleza taratibu kuhusu wafuasi na soko, asije akadhani namkana mamake.

"Mama. Uko sawa?"

"Niko sawa, baba. Kuna kitabu nachora." Nikamweleza yote, uji, nyanya, jalada.

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia redio na mtu anagonga chuma. Amestaafu lakini bado hukaa gereji za watu akiwaambia wanakosea wapi.

"Andika hilo la mandazi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Hutaki niandike Adhiambo?"

"2027 haiko mbali."

"Baba, ni kitabu cha watoto."

"Hata wewe ulikuwa mtoto."

Gereji ikaendelea kugonga. Kisha akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha Nakuru ambacho hakijawahi kuwa na haraka: "Mama yako aliniambia. Wambui. Siku ile ile alinipigia Kisumu, aliniambia. Nilishukuru sana hilo jina. Niliomba Mungu ambariki mama mkwe wangu. Jina ni kitu cha kukusaidia, Mama. Likikuletea shida, weka chini. Utaokota baadaye."

Miaka kumi na saba nilikuwa nimebeba ile siku kama siri niliyomwibia. Kumbe alikuwa nayo mfukoni wakati wote. Sikuwa na la kusema. Nilimwambia ale vizuri.

Nimejaribu sana kumkasirikia kwa jibu lile na nimeshindwa. Ana haki. Ametumia jina lake maisha yake yote na anajua bei yake kuliko mimi. Kama ningekuwa naandika hii ili kukwambia uwe jasiri, utumie jina lako, ujivunie asili yako, hapa ndipo ningeanza kupaza sauti. Lakini mtu aliyeingia kwenye lori usiku akikuambia uweke jina chini, unamwambia nini? Kwamba siku hizi tuko Instagram?

Kilichonisukuma hakikuwa ujasiri, kilikuwa Dani. Alifariki 2011, Siaya. Hakuwahi kusoma, alisaini kwa dole gumba. Kitambulisho chake, ambacho baba bado anacho ndani ya Biblia, kimeandikwa Athiambo, kwa t na h, karani alivyosikia au alivyopenda. Kwenye programu ya mazishi walikosea tena, wakanakili kwenye kitambulisho. Nikiwa nachora nyanya wa kile kitabu, yule wa kuuza uji, nilijikuta nampa mikono ya Dani, vile vidole vilivyopinda kidogo upande mmoja kwa kushika mwiko mzito. Sikupanga. Nilipofika ukurasa wa tisa alikuwa ni yeye, kitambaa cha kichwa na kila kitu. Na nikaona siwezi kuweka uso wake ndani na mandazi nje.

Kwa hivyo nilimwandikia mhariri: Faith Adhiambo. Majina mawili. La tatu, lile la O, nililiacha. Uite woga ukitaka. Baba hakuomba aandikwe, na kama kuna atakayesumbuliwa kwa kazi yangu, asiwe mzee aliyeketi gereji Nakuru akiwaambia vijana wanakosea kufunga bolti.

Mandazi Baridi naye yuko. Bado nachora katuni kwa jina hilo, na 2027 ikifika nitachora. Kila mtu ashajua ni nani, si siri tena, lakini nimegundua jina la utani halihitaji kuwa siri ili lifanye kazi. Nikikaa chini kuchora kama Mandazi mkono wangu ni mwepesi, una utundu. Nikichora kama Adhiambo nafuta sana. Sijui kama ni kitu kizuri. Kwenye kitabu, ukurasa wa kumi na nne, kuna sinia ya vitafunio pembeni ya chungu cha uji. Mandazi moja ina macho ya usingizi. Mtoto wa mhariri aliiona kabla ya mamake.

Nakala ya kukagua iliporudi nilisoma jina langu herufi moja moja, A, d, h, kama mtoto wa darasa la kwanza. Lilikuwa sawa. Mhariri aliomba pia maelezo mafupi ya mchoraji kwa jalada la nyuma, sentensi mbili tatu, na mimi nisingeweza kuacha utani, nikaandika: "Faith Adhiambo alizaliwa Nakuru, saa mbili asubuhi."

Nilituma nakala mbili nyumbani na shatoli ya Nakuru. Mama alipiga simu jioni hiyo hiyo, akalia kidogo, akaniuliza kama nimelipwa. Baba hakupiga. Siku ya tatu hakupiga. Siku ya tano, nikiwa naosha vyombo, simu ikalia.

"Mama. Hiki kitabu kina makosa."

Moyo ukaanguka. "Wapi, baba?"

"Huku nyuma. Si saa mbili. Ilikuwa saa mbili na nusu. Nilikuwa nje hapo kwa korido, niliangalia saa."